Bendi ya Kiwanda Imerudi Hewani

Kilakala, Morogoro
Jumatatu asubuhi

Dada yangu Yustina,

Shikamoo dada. Kabla ya lolote nataka kujua mgongo wa Mama unaendeleaje, maana barua yako ya mwisho ilisema ameshindwa hata kwenda kuchuma kahawa. Je, anainuka mwenyewe sasa? Na Baba bado anabishana na watu wa chama cha ushirika, au ameamua kuuza kwa wale wanunuzi wapya wanaopita na malori? Sisi huku ni wazima. Anselmi ana mafua tu, Neema anaota magego na anamng'ata kila anayemsogelea, na mimi nimenenepa kidogo, jambo ambalo mama mkwe analitangaza mtaani kama ushindi wake.

Dada, kaa chini uisome hii taratibu, na Mama umsomee kwa sauti.

Kazi yangu unaijua. Siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa kuwa na redio yake, si kama zamani tulipokuwa tunaisikiliza ile moja tu ya serikali pale kwa mwalimu mkuu. Hii yetu iko juu ya duka la vipuri vya baiskeli, vyumba vitatu, na ukuta wa studio tumeubandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mnara si mrefu. Tunasikika mpaka Mikese, na anga likiwa safi tunavuka kidogo. Baba aliniandikia akauliza ni redio gani hiyo isiyosikika Mbinga. Mwambie ndiyo hiyo hiyo inayomnunulia mjukuu wake maziwa.

Wanamuziki nawaona wa kila namna. Mwezi uliopita basi moja liliharibika hapa mjini, ndani yake mlikuwa na mpiga gitaa kutoka Zaire ya zamani. Akasikia redio dukani, akapanda ngazi kuja kutusalimia. Alikula ugali wangu wote wa mchana na dagaa wake, halafu akatupigia gitaa mpaka fundi wa basi akaja kumwita. Wanakuja pia vijana wa hapa wanaoimba kwa kuongea haraka haraka. Wananipa shikamoo vizuri, wanaweka kanda yao mezani, kisha wanageukiana na kuzungumza maneno ya Dar ambayo nusu yake siyapati. Nawapenda. Wana njaa ya kusikika.

Ila kipindi changu mwenyewe ni cha muziki wa dansi wa zamani, kila Jumapili alasiri. Na hicho ndicho meneja alitaka kukiondoa. Aliniita ofisini akasema, "Dada Resti, wenye matangazo wanataka vijana. Kanda zako zenyewe zimechakaa, mbili zimeliwa na mashine hewani. Siku redio inapotimiza mwaka tunaanza na kipindi kingine."

"Na mimi?"

"Utasoma matangazo ya vifo na mikutano. Labda uniletee kitu ambacho Dar hawana."

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia nitaleta bendi, ipige hapa hapa, moja kwa moja hewani.

"Bendi gani?"

"Ya kiwanda cha nguo."

Akacheka, bila ubaya. "Ile ilikufa siku kiwanda kilipouzwa, dada."

"Wapigaji wapo," nikasema, nikatoka kabla hajaniuliza wako wapi.

Kweli ni kwamba nilimjua mmoja tu. Ni Mzee Mloka, mjomba wake Anselmi, aliyekuwa akipiga gitaa la solo. Kiwanda kile kilikuwa na bendi yake, wapigaji wakiwa ni wafanyakazi wenyewe, na watu wa Morogoro wanakumbuka Jumamosi zake mpaka leo. Mwenye kiwanda mpya alipoingia, bendi ndiyo ilikuwa ya kwanza kuondolewa. Mjomba akarudi kwao Kinole, milimani, kwenye michungwa na pilipili manga yake, na tangu hapo hakugusa gitaa. Na wewe unajua nilivyokueleza, kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Hata ndoa yetu ilikaa ikisubiri yeye akohoe. Si mtu wa kumwendea na kumwambia, "Mjomba, nimeshakuahidi kwa watu."

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kama sina zamu ya asubuhi, mimi na Anselmi hupanda milimani, tukarudi kabla ya kipindi changu. Watu wanapumzika, sisi tunavaa raba, Neema mgongoni kwa baba yake. Hiyo ndiyo starehe yetu. Anselmi anaokota mbegu za miti na kuziotesha kwenye makopo. Kibarazani kwetu hapana pa kukanyaga. Mimi nabeba kinasa sauti kidogo cha ofisini na kunasa chochote: maji yanavyogonga mawe, akina mama wakiitana kutoka shamba hili hadi lile ng'ambo ya bonde, ndege nisiowajua. Mama mkwe anasema nimerogwa.

Jumapili moja mvua ilitukuta kwa Mjomba, Kinole. Nikaweka kinasa sauti dirishani kinase mvua juu ya migomba, nikaenda jikoni kumsaidia mkewe kumenya ndizi. Tuliporudi mjini nikakisikiliza. Mvua, mvua, halafu katikati ya mvua ile sauti ya mwanamume inaimba polepole, na vidole vinagonga mbao. Anselmi alikuwa anapiga pasi. Akaiweka pasi pembeni.

"Huyo ni Mjomba," akasema. "Sijamsikia akiimba tangu nimalize shule."

Wiki iliyofuata nilipanda tena, nikamsikilizisha. Nilikuwa na hofu, dada. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Umeninasa kama panya," akasema. Akanirudishia kinasa sauti. Kisha akasema, "Hapo sauti ya kwanza haipo. Niliyoimba mimi ni ya pili."

"Ya kwanza ni ya nani, Mjomba?"

Akainuka kwenda kutazama pilipili zake. Mkewe ndiye aliyeninong'oneza, "Ya Shabani. Usimtaje mbele yake."

Nikaambiwa kisa chote. Mzee Shabani alikuwa mwimbaji mkuu. Siku ya dansi la mwisho, ukumbi umejaa, hakutokea. Alikuwa ameshapanda basi kwenda Dar kuimba na bendi nyingine. Mjomba hakulitaja jina lake tena. Na kumbe Shabani alisharudi zamani, anauza kahawa na kashata sokoni hapa mjini, mahali ninapopita kila siku nikienda kazini.

Nilimwendea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nikumiminie?"

"Mimi ni mke wa mpwa wa Mzee Mloka."

Birika likasimama hewani. "Amekutuma?"

"Hapana. Hajui kama nimekuja."

Akanitazama kidogo, akaanza kukusanya vikombe vyake. "Basi twende kabla hajajua," akasema.

Tulipanda gari la Kinole, lile la mizigo, tumekaa juu ya magunia. Tulipofika tukamkuta Mjomba juu ya mchungwa anachuma. Alituona, na hakushuka. Shabani akasimama chini ya mti, amevua kofia yake.

"Mloka."

Chungwa likaanguka kapuni.

"Wiki ile niliambiwa na mkubwa mmoja kwamba bendi inavunjwa. Niliona aibu kuja kuwaambia. Nikakimbia."

"Ukumbi ulijaa," sauti ikatoka kwenye majani. "Walikuita jina lako mpaka wakachoka. Mimi ndiye niliyesimama mbele yao kuwaambia hujaja."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo."

Shabani akaanza kuimba ule wimbo wenyewe, ule niliounasa kwenye mvua, kwa sauti ya mzee, iliyokwaruza ikifika juu. Alipofika mahali pa sauti ya pili kuingia, akanyamaza, akasubiri. Hakuna kitu. Akaanza upya, akafika pale pale, akasubiri tena. Mimi na mke wa Mjomba tulikuwa tumeshikana mikono kama watoto. Mara ya tatu, dada yangu, sauti ya pili ilitoka juu ya mchungwa.

Kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwangu na sikukumbuka hata kukiwasha.

Mjomba alishuka. "Umezeeka," akamwambia.

"Na wewe unapanda miti kama kima," Shabani akasema.

Hawakukumbatiana. Mjomba alimmenyea chungwa, wakakaa kwenye gogo, wakaanza kuulizana nani yuko wapi. Mpiga ngoma sasa ni fundi mwashi. Mpiga besi anafuga kuku Kihonda. Wa tarumbeta wawili, mmoja amefariki, Mungu amrehemu, na mwingine anafundisha kwaya ya parokia. Gitaa la Mjomba lilishushwa kutoka darini limejaa masizi, nyuzi mbili hazipo. Akazitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli mpaka nilipompatia za dukani.

Mazoezi yalikuwa uani kwetu. Anselmi aliunda masanduku ya spika kwa mbao za mninga, mimi nikaazima mikrofoni za kanisa. Siku za mwanzo ilikuwa kelele tupu, nakuambia ukweli. Vidole vya Mjomba vilikuwa vigumu kwa jembe, na wazee walisahau mistari na kulaumiana. Kisha jioni moja majirani wakaanza kuja na vigoda vyao. Nikajua dansi limekaa sawa.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe, redio ikitimiza mwaka. Mvua ya usiku iliharibu barabara ya Kinole, gari halikushuka. Tukakaa pale studio, saa zinakwenda, meneja anachungulia dirishani na kukohoa. Ndipo Mjomba akatokea kwenye kona, tope mpaka magotini, gitaa limefungwa kwenye nailoni amelibeba kichwani. Alikuwa ametembea mpaka barabara kubwa. Akaomba maji ya kunawa miguu, akasema, "Hatuwezi kupanda jukwaani wachafu."

Tulipiga uani nyuma ya duka, nyaya zimepitishwa dirishani mpaka studio. Nikafungua kipindi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yakanipotea yote, nikasema tu, "Morogoro, bendi yenu hii hapa." Wakaanza. Katika ubeti wa pili, pale panapopanda, sauti ya Mzee Shabani ikakatika kabisa. Kabla sijafanya lolote, akina mama waliokuwa wamesimama pembeni, waliokuwa zamani wakifanya kazi kiwandani kwenye mashine za kusokota nyuzi, wakaudaka wimbo wakamwimbia. Walikuwa wanaujua wote. Mzee akafuta macho, akavuta pumzi, akaingia nao. Tangu hapo hapakuwa na wa kutuzuia. Barabara ya mbele ikajaa watu, baiskeli hazipiti, polisi aliyekuja kuuliza kuna nini akavua kofia akabaki.

Simu ya ofisini haikunyamaza. Kutoka Mikese mwenye hoteli alisema madereva wa malori wamekataa kuondoka mpaka wimbo uishe, na wali umemwishia. Mwingine alikuwa mwenye mabasi ya Songea, naye alikuwa Mikese njiani. Akataka azungumze na "huyo dada mwenye bendi". Huyo dada ni mimi.

Jioni meneja alinifuata nikikunja nyaya. Alikuwa amelowa jasho kwa kucheza. "Dada Resti," akasema, "kipindi kinabaki, na kuanzia Jumapili ijayo kiwe cha saa mbili nzima badala ya moja. Mwenye duka hapo chini ameshaomba kutangaza humo." Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri, nilitaka tu kumwona anavyosubiri.

Sasa sikia hili, maana linakuhusu. Usiku tulipokuwa tunakula, wazee wote wamejaa sebuleni kwetu, Neema amelala mapajani kwa Mzee Shabani, Mjomba aliweka sahani chini. "Tulipomwoa huyu," akasema, "tulituma mshenga na barua tu. Ukoo haukufika kwa wazee wake. Haikuwa sawa." Yule mwenye mabasi ametupatia basi la kwenda na kurudi, tukipiga usiku mmoja Songea. Mjomba amekata kauli kwamba hatutaishia Songea. Watapanda mpaka Mbinga wapige hodi kwa Baba rasmi, kama inavyotakiwa. Ni wiki inayofuata Pasaka.

Nisalimie Baba na umwambie asiuze ng'ombe, hawa ni watu wa chungwa na kahawa, hawana makuu. Mama umshike miguu kwa niaba yangu. Kaka Fidelis mwambie aangalie umeme wa pale parokia kama utabeba spika nne, kama hautabeba atafute jenereta. Shangazi mtawa umwombee ruhusa kwa mama mkuu wake mapema. Watoto wako wote wabusu, hasa yule aliyepewa jina langu.

Ututafutie magodoro ya wanaume sita, watano wa bendi na Anselmi, na uwanja wa mbele ufagiliwe mpaka barabarani, kwa sababu hawatashuka kwenye basi kimya. Watashuka wanapiga.

Ni mimi mdogo wako, sauti imekwisha kwa kuimba,

Restituta