Kisu cha Baba Kilichorudi Kipya

Jumapili. Mvua haijakatika tangu tutoke kanisani, na kutoka hapa mtaani kwetu Nengo ziwa halionekani kabisa. Afadhali. Leo sitaki kuona kitu kizuri.

Wanaosoma blogu hii wanaujua ugonjwa wangu: visu vya kukunja. Si vya bei mbaya. Ni vile vya mpini wa mti vinavyopangwa juu ya turubai sokoni, vya kumenyea chungwa na kukatia kamba. Navifungua na kuvifunga mpaka muuzaji ananuna, kisha nanunua kimoja nikakinoe nyumbani, kwa sababu vya bei hiyo huja butu kama kijiko.

Mwenzangu katika wazimu huu ni Inosenti, jirani yangu. Mimi nilirudi nchini kutoka ukimbizini Karagwe, yeye kutoka Masisi, ndiyo maana Kiswahili chake si kama changu. Kunoa nilimfundisha mwenyewe: kinoo kilowe maji, kisu kilale kidogo, upande huu, upande ule, sawasawa, bila haraka. Na usikipeleke kamwe kwenye mashine ya umeme, moto wake unaua chuma.

Kimoja tu sikukinunua. Kisu cha marehemu baba. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akakinoa upande mmoja tu maisha yake yote, nami nikaendelea hivyo hivyo. Kwenye mpini alichoma kitundu kwa msumari wa moto, kisichanganyike na vya wachunga mifugo wenzake.

Inosenti alikiomba akakatie nyama siku ya mahari ya mdogo wake. Ndugu yangu wa damu nilishamnyima kisu hicho. Inosenti nikampa.

Alhamisi alikirudisha. Alikiweka mezani nami nikakichukua, maana baba alitufundisha kwamba kisu hakipokelewi mkono kwa mkono.

"Grand, sasa iko makali kuliko mbele," akasema, anacheka. Ndivyo anavyoniita, yaani kaka mkubwa.

Nikamshukuru. Nikampikia na chai, mimi mjinga.

Leo nje ya kanisa mke wake amenishika mkono. "Pole sana, Papa Aline. Ile mashine ya soko iliunguza kisu ya papa yenu, mi nilisikia mubaya kweli." Maskini, alidhani mume wake ameshaniambia.

Nimefika nyumbani, nikakifungua karibu na dirisha. Kimenolewa pande zote mbili. Sawasawa, bila haraka. Nimepangusa mpini kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia. Dawa ya viatu.

Na kitundu cha baba kipo.

Hapo ndipo nilipoumia. Kuunguza kisu ni ajali, ningenuna wiki moja yakaisha. Lakini mtu anunue kingine kinachofanana, akae chini, apashe msumari moto, atafute mahali palepale alipochoma baba yangu! Kisha anywe chai yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nimekuwa nikiusema msemo huu kwa kuwacheka wengine.

Nimelia. Mzee mzima na kitambaa cha dawa ya viatu mkononi.

Jioni hii ameniandikia kwenye simu: "Grand, kesho tunaenda soko? Iko visu mupya." Nimeusoma ujumbe mara nyingi kuliko unavyostahili.

Kesho nitabisha kwake kabla hajaenda kazini. Nitakiweka hiki mezani na kusubiri akichukue. Maelezo sitaki, na kipya kingine sitaki. Kama hakukitupa, nataka kile cha baba kama kilivyo, cheusi, kisichokata hata ndizi.

Ningekipokea hivyo hivyo Alhamisi, Inosenti. Miaka yote hii, hukujua kwamba ningekipokea?