Sindano Kwenye Ini

Mbwera, Rufiji

Mama mpenzi,

Kamwene. Vipi kifua chako na baridi ya huko? Mimi sasa sijambo, lakini nilikaribia kukuachia msiba. Ndiyo maana nilikuwa kimya.

Nilianza na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Nikameza klorokwini, nikaendelea kufundisha. Siku moja niliinama kuokota chaki, nikashindwa kuinuka. Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wangu, alinibonyeza ubavuni, nikapiga kelele. Hakuuliza zaidi. Alimfuata mnunuzi wa kamba wa baharini aliyekuwa akipakia boti yake. "Mwalimu apande, ama ushushe barafu yako!" Tukapanda sote wawili. Tulipovuka, lori likatuchukua, tukapita Kibiti hadi hospitali kubwa Dar es Salaam.

Daktari alinipitishia kifaa tumboni, ini likaonekana kwenye kioo kama cha televisheni. "Lina jipu," alisema. "Likipasukia ndani, tutakupoteza."

Nilimkumbuka baba mdogo, aliyepasuliwa tumbo akaletwa nyumbani ndani ya sanduku. "Sipasuliwi," nikasema.

"Hatukupasui. Tutaingiza sindano, tukiangalia kwenye kioo inakopita. Ndugu yako yupi yuko hapa?"

"Miye," alisema Bi Mwanahawa. "Mama yake."

Daktari alitazama buibui lake, akatazama msalaba shingoni mwangu. Akaandika: mama.

Walinichoma ganzi, nikabaki macho. "Usipumue." Sindano ndefu ikazama, maumivu yakapanda hadi begani. Hakikutoka kitu. Daktari akaichomoa, jasho linamtiririka. "Tunarudia. Usikohoe, mwalimu, hata kidogo." Na kikohozi, Mama, kilikuwa kimenikaba kooni! Bi Mwanahawa alinishika kidevu, midomo yake inasoma dua. Ndipo usaha ukaja, mzito, wa rangi ya udongo, ukajaa bakuli.

Homa ilishuka. Nimebaki na alama ndogo kama ya chanjo, na vidonge vichungu ambavyo bado nameza.

Nasikia umekwenda kwa Afisa Elimu kuniombea uhamisho nirudi huko. Nakusihi, acha kwanza.

Nisalimie dada na shemeji, na mjomba mchungaji. Mwambie sala zake zilifika. Bi Mwanahawa naye anakusalimu. Anasema ukija utalala chumbani kwake, mna maneno ya kuzungumza juu ya mtoto wenu.

Mwanao anayekupenda,
Fanueli