Usifikie Gesti

Buhongwa,
Mwanza.
12 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Muganyizi,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Windhoek, wewe, shemeji Precious na watoto. Yule mdogo kikohozi chake kimepoa? Huku mvua zimeanza kwa fujo na barabara yetu imekuwa matope matupu. Dada yetu Kokulinda bado ana kibanda chake cha dagaa, na bado anagombana na wateja.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikipiga simu mama hukaa pembeni akisikiliza. Rafiki yangu Nestory anasafiri Ijumaa kuja huko, atakukabidhi.

Ulisema mtakuja Disemba na mtafikia hotelini mjini ili watoto wapate maji ya moto. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mimi nilifanya vivyo hivyo Januari, niliporudi kutoka Lubumbashi baada ya miaka tisa.

Nilikuwa na siku nne njiani, nguo zimeshika vumbi na mafuta ya gari. Basi likapita Usagara, likapita hapa Buhongwa, bati letu nikaliona dirishani, na sikushuka. Niliona aibu kuingia kwa mama nikiwa vile. Nikaenda hadi Nyegezi, nikalala gesti, nikaoga, nikapiga pasi shati. Asubuhi nikaja nyumbani nikinukia sabuni, najiona mstaarabu kweli. Kumbe jirani yetu mama Queen alikuwa ameniona stendi, na habari ilishanitangulia.

Mama hakulalamika. Alinikalisha kwenye kochi lenye kitambaa, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyomfanyia padri. Nikatafuna nikidhani nimeheshimiwa. Wiki tatu nilikula sato mezani peke yangu, na kila nikishika jembe ananinyang'anya. Nikiuliza habari za nyumbani, ni nzuri. Kitenge nilichomletea alikisifia rangi. Baadaye nikajua Kokulinda ndiye aliyemnong'oneza kwamba ni cha kijani.

Niligundua siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, ikatapakaa mezani, naye akaendelea kumimina. Nikamfuata Kokulinda bombani. Akaniambia jicho la kushoto la mama halioni kabisa tangu mwaka jana. Ni presha ya macho. La kulia nalo linafifia. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone inachelewesha tu.

Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hawakuniambia. Akanijibu bila kugeuka, anaangalia ndoo yake: "Kaka, si ulifikia gesti? Sasa mgeni utamwambiaje shida za ndani?"

Niliumia, Muganyizi, na sina wa kumlaumu. Watu wananiuliza safari zimenifundisha nini, nami nawasimulia foleni za malori mpakani na jinsi ya kuficha hela kwenye soksi. Wanacheka, basi. Nilichojifunza hasa ni kwamba nilipaswa kuteremka Buhongwa na vumbi langu. Nilijisafisha kwanza kwingine, nikapokelewa vizuri mno, nisiambiwe kitu.

Kwa hiyo mshuke hapa hapa, hata kama watoto wametapika njia nzima. Maji ya moto nitachemsha mwenyewe. Na msingoje Disemba, njooni Mei shule za huko zikifungwa, hata kwa wiki moja. Mama hajawahi kumwona mwanao wa pili ila kwenye simu, na mlipotuma picha mwezi uliopita aliishika tu simu mkononi, Kokulinda akamwelezea mtoto alivyo.

Baba mdogo Rutashobya anawasalimu, na Kokulinda pia. Mfikishie shemeji salamu zangu, na wanangu uwabusu.

Mama naye anakusalimu sana. Anajua ninakuandikia. Ameniagiza nikuambie kwamba yeye hana tatizo lolote, na kwamba Disemba si mbali.

Mungu awafungulie njia mapema.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Josephat