Nilikutukana Mbele ya Meneja

Bakoki wangu Makokha,

Wewe umelala zako huko Butali chini ya migomba, na mimi huku nimebaki na kesi yako. Hata kufa umekufa ukinitafutia maneno, wewe!

Kiwanda cha sukari sasa kinasaga usiku na mchana. Kila mtu amepanda miwa mpaka mlangoni, hata pale mama yako alipokuwa akipanda mboga. Trekta yako amepewa kijana wa Malava. Akiniona anavua kofia na kuniita "mkubwa". Hakuna tena mtu wa kusimamisha trekta mbele ya ofisi na kunipigia kelele, "Kifaranga! Hiyo tai nani amekufunga, kama mbuzi wa mahari?" Ofisi nzima ilikuwa ikicheka, isipokuwa meneja.

Unakumbuka aliponiita. Alisema msimamizi wa mashamba hawezi kuchezewa na dereva, watu watanidharau, kampuni itaonekana ya kijijini. Nilipokuambia ukasema, "Mwambie sisi tulitahiriwa siku moja, tukasimama pamoja mbele ya kisu. Yeye alisimama na nani?" Nilicheka. Lakini moyoni sikuwa na raha, maana cheo cha mkuu wa miwa yote kilikuwa karibu, na nilikitaka. Mungu anajua nilikitaka sana.

Kisha homa ikakuchukua.

Kwenye mazishi meneja alileta wageni wa kampuni kutoka Nairobi, wakakaa mbele na suti zao. Mimi nilipewa kusoma rambirambi za kampuni: "mfanyakazi hodari, mwenye nidhamu". Nidhamu, Makokha! Wewe? Nikasimama kando ya jeneza, wazee wa ukoo wakanikazia macho. Unajua kwetu: aliyetahiriwa nawe, bakoki wako, hakusifu, anakutukana, maana yeye ndiye mwenye ruhusa. Asipokutukana, ni kama ulikwenda jandoni peke yako. Basi ile karatasi nikaikunja. Nikakuita mwizi wa kuku. Nikasema umekufa makusudi ili usinirudishie koti langu, na kwamba huko uendako watakurudisha kwa ile harufu ya miguu. Mama yako alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka, halafu akalia, akalia jinsi ambavyo hakuwa amelia tangu asubuhi.

Wale wageni walitazamana tu.

Tangu siku hiyo, ofisini nikiingia watu wananyamaza. Wengine wananiita Kifaranga, lile jina ulilonipa, kwenye korido, lakini midomoni mwao linauma. Najiuliza: nilikuheshimu, ama nimewaharibia watoto wangu maisha kwa ajili ya mtu ambaye hata hasikii? Kuna siku nakukasirikia, ndugu yangu. Kuna siku nakutamani tu upite na hiyo trekta yako.

Juzi meneja ameniita tena. Cheo amepewa mwingine. Alisema niliwatia wageni aibu. Nikamwambia, "Mzee, hawa ndio watu ninaoishi nao. Nikijifanya mwingine siku wanapozika, wataniamini vipi nikiwaendea shambani?" Nilipofika mlangoni akaniuliza, polepole, bila kuniangalia: "Na mimi nikifia hapa, nani atanitukana?"

Mtu amekaa kwetu miaka yote hii, na bado anakunywanga chai peke yake. Nilifunga mlango nikaenda zangu, na mpaka leo swali lake halijanitoka.

Cheo kimeniuma, sitakuficha. Mke wangu hajanisemesha vizuri tangu asikie. Lakini nitaendelea kusimama barabarani nisalimiane na madereva kama zamani, na mama yako nitamwangalia kama wangu.

Pumzika, bakoki, acha nihangaike na walio hai. Na huyo meneja, mauti yakimkuta akiwa bado hapa kwetu, nakuahidi, nitasimama mimi kando ya jeneza lake. Hatukutahiriwa pamoja, wazee wanisamehe. Nitamtukana vizuri kabisa.

Wako,
Alfred