Barabara ya Rais Tuliyoogopa Kuivuka

Bwera, Juni 2014

Mdogo wangu Shadiah, Mama Wahabu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo lilianza kiburi tangu ujana. Wewe na sukari yako mnaendeleaje? Joto la Kasese limekupunguza ukali, ama bado unagombana na wapangaji?

Wahabu ameniletea habari kwamba chumba kimepakwa rangi, kitanda kipo, nihamie kwako nisije nikafa peke yangu huku mpakani. Asante sana. Lakini kabla sijajibu, hebu nikukumbushe ule mji wetu.

Ulikuwa huna meno ya mbele, askari walipokuja na kamba na vigingi. Afande Olanya akatangaza kwamba Rais anaijenga Bwera hata Wakongo watalia wivu: ikulu kule juu, sanamu yake ya shaba, na pale kwenye choo chetu, chemchemi ya kurusha maji. Mama akauliza kama wageni wa serikali watayanywa. Afande alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Katikati wakapima barabara pana kama uwanja wa mpira, wakatoa amri: mutu asikanyage hapo mpaka gari ya Rais iko imepita! Basi tukawa tunazunguka mpaka mwisho wa vigingi, kwenda kuchota maji, hata kwenda kuzika. Rais akaikimbia nchi, kamba zikaoza, majani yakaota, na sisi tunazunguka tu! Wazee wa huku ukiwauliza leo, watasema ni mazoea. Waongo hao. Ni woga.

Ng'ambo alikaa Tabisa, binti wa Kezironi mfua vyuma. Jioni tulipigiana makelele, yeye kule, mimi huku. Aliniita mbuzi wa Rais, eti nimefungwa na kamba. Nilipenda sana kutukanwa vile. Kisha akaolewa Munkunyu, nami nikaoa. Wenzetu wote wawili wametangulia. Mwaka jana Tabisa alirudi kwenye nyumba ya baba yake.

Sasa kaa chini, lakini si kwenye kile kiti kibovu. Ijumaa, baada ya swala, nilivaa kanzu ya marehemu baba nikaikata barabara ya Rais katikati. Hakuna aliyenipiga risasi. Tabisa alikuwa mlangoni, akauliza nimekuja na gari gani iliyochelewa hivyo. Ndoa tulifunga jioni ile ile, maana shehe tulimngoja sana: yeye alizunguka.

Kitanda mpe Wahabu, naye aoe. Wasalimie wapangaji, hata wale wabaya. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ukija upite katikati.

Ndimi kaka yako,
Swalik,
ng'ambo ya Barabara ya Rais