Kichwa cha Chanuo

Mpenzi Baba Salma,

Nimetoka eda Jumamosi. Watu walidhani safari yangu ya kwanza itakuwa kwa dada yangu, kule mtaa wa Khuwair. Mie nilikwenda kwa seremala, hapa hapa kwetu Sib, na lile chanuo lako mkobani. Ngoja nikueleze, maana jambo hili nnalo rohoni miaka mingi.

Unakumbuka uliporudi kutoka Ghana, kule ulikopelekwa kikazi, mwaka wetu wa pili wa ndoa? Wenzio huleta dhahabu, wewe ukaniletea chanuo la mti. Nikanuna. Ukakaa kitako kunieleza kwamba kwa Waashanti, mwanamume akimpenda mke humchongeshea chanuo, na juu yake kichwa cha mwanamke. Picha yangu hukumwonyesha mchongaji, kwa wivu wako. Ulimweleza kwa mdomo tu. Na kweli, mwanya wangu ule ule, mikunjo ya shingo yangu ile ile. Nikacheka, kununa kukanitoka.

Lakini marehemu mama yako alipokiona kichwa kile chumbani tunamosalia, alikataa katakata. Akasema sanamu haikai humu. Nami nikimwogopa, si unajua. Ulipokwenda kazini nikachukua msumeno, nikakikata. Uliporudi ukauliza kiko wapi.

"Nimekichoma," nikasema.

Ukalitazama chanuo, ukaenda zako kutawadha. Hukunigombeza hata kidogo. Bora ungenigombeza.

Sikukichoma, Baba Salma. Nilikifunga kwenye leso, nikakitia chini kabisa ya sanduku langu la udi. Nilishindwa kuitia motoni sura uliyonichongeshea wewe. Kila mwaka nikisema mwaka huu nitamwambia, na kila mwaka aibu ikazidi.

Halafu bega langu likakamaa, mkono ukawa haupandi, ukaishika wewe kazi ya kunichana. Kila asubuhi baada ya chai, mie chini kwenye busati, wewe kitini, mafuta ya nazi viganjani. Chanuo likikuteleza, unaliokota, unaanza tena. Siku moja ukasema taratibu, "Kile kichwa ndicho kilichokuwa mpini wake, Mama Salma."

Kilikuwa mle sandukuni, hatua mbili tu kutoka pale tulipokaa. Wallahi nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Nawe ukaendelea kuchana, na mwezi haukwisha Mola akakuchukua, ukaniacha.

Sasa nyumba imepwaya. Salma huja Ijumaa na wanawe. Wakishaondoka nasikia friji tu. Asubuhi nakaa palepale kwenye busati, nywele nimezifumua, na nyuma yangu kiti kitupu. Nna upweke, mume wangu, sikufichi.

Seremala kakiunga kile kichwa vizuri, katia gundi na kijiti ndani. Akaniuliza kwa Kiarabu, sura hii ya nani? Nikamwambia ni yangu, mume wangu alinichongeshea. Nimemwambia mtu baki kabla sijakwambia wewe. Nisamehe kwa hilo pia.

Leo nimeketi, nikalishika. Linashikika, Baba Salma, halitelezi hata na mafuta. Nikaliinua mpaka begani, mkono ukagoma.

Mola akupe kauli thabiti huko uliko.

Mkeo wa mwanya,
Mama Salma