Mzee Kuramoto Anamtaka Mwanangu

Jumamosi, 1 Novemba

Nimefua mapazia ya majlisi, chumba chetu cha wageni. Nimesaga bizari. Harithi anafika kesho, na tajiri wake yuko naye: Mzee Kuramoto, mwenye kiwanda cha mipira ya pampu za maji huko Japani, ambako mwanangu anafanya kazi tangu amalize chuo. Mzee wa umri ule hapandi ndege mpaka huku kwetu Ibra, Oman, kuja kula biriani. Nimemwambia hivyo Khalfan. Mume wangu akasema ni adabu zao tu, nisijitie wahaka. Najitia.

Jumapili, 2 Novemba

Wamefika. Harithi kakonda. Mzee ni mdogo wa umbo, safi. Kaniinamia mlangoni mpaka nikamwona utosi. Nikaona haya, nikainama na mimi. Ana adabu kuliko nusu ya ukoo wetu, na hilo limenitisha zaidi.

Wakati wa kula nikasema yale tunayosema sote kwa mwalimu, kwa fundi, kwa tajiri: "Huyu mwanao. Mimi nimemzaa tu." Harithi alisita kabla ya kutafsiri. Mzee akaweka kijiko chini. Macho yakamjaa machozi. Sijui nimefanya nini.

Jumatatu, 3 Novemba

Sasa najua.

Mzee hana mtoto. Mkewe kafariki. Mji wao umebaki na wazee. Skuli imefungwa, nyumba tupu mtaa mzima, basi linapita mara moja moja. Vijana wamehamia miji mikubwa, na huko nako hawazai. Kiwanda hakina wa kukirithi. Na kwao mtu mzima hufanywa mtoto wa mtu, kwa sheria, ili kazi ya ukoo isife. Desturi ya zamani, wala si aibu. Anamtaka Harithi. Aitwe Kuramoto. Achukue uraia wa kule, arudishe pasi ya Oman, maana huwezi kushika zote mbili.

Amekuja kutuomba sisi wazazi kwanza. Na mimi jana nimeshampa, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Naogopa. Wao huchoma maiti. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 5 Novemba

Khalfan kamjibu leo majlisini. Hakupandisha sauti. Dini yetu hairuhusu mtu kuitwa kwa asiye baba yake. Hilo kalimaliza kwa maneno machache. Kisha akaeleza la pili. Wazee wetu walipotoka Unguja na kufika hapa, walikuwa na nguo walizovaa na Kiarabu cha kuokoteza. Hakuna aliyewajua. Shekhe wa mji akawauliza: wewe nani, baba yako nani, babu yako nani, kabila gani. Wakajibu. Akasema hawa ni wetu. Ndipo tukapata pasi, na kazi, na pahala pa kujenga.

"Mwambie, ya waladi, mwanangu," Khalfan akasema, "sisi tumeingia nchi hii kwa jina. Wallahi hatukuwa na kingine."

Harithi akatafsiri. Mzee alisikiliza, mikono magotini.

Nikauliza, hawezi kukirithi kiwanda akabaki na jina lake? Harithi akasema benki haimtaki mgeni, na wateja wa siku zote watakimbia. Wanasiasa wa kule siku hizi wanapata kura kwa kupiga kelele juu ya wageni. Mji wa jirani umegoma kuwapa Waislamu mahali pa kuzikia. Watu wanapungua, mashine hazina wa kuziendesha, na bado wanaogopa watu. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kuwa mimi namwogopa mzee mmoja tu, tena mgeni wangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimegombana na Harithi jikoni. Anakipenda kile kiwanda. Kumbe mzee ndiye aliyemfundisha mashine moja moja, akamtengea pembe ya kusalia, na Ramadhani alikuwa hanywi hata chai mbele yake. Sikutaka kuyasikia hayo. Nikamwambia akilikubali jina lile asiniite mama. Akatoka.

Nilisema kwa khofu, si kwa hasira. Lakini yeye atajuaje?

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala mzee aliomba apelekwe makaburini. Kwao mrithi ndiye anayeosha mawe ya kaburi la ukoo, kwa hiyo akataka kuwaona babu zake Harithi. Khalfan kanisimulia. Mzee alizunguka, akainama hapa na pale, mwisho akauliza majina yameandikwa wapi. Hayakuandikwa. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, mawe matupu ya jabali, ndivyo tunavyozika sisi. Akauliza, mbona basi mnaling'ang'ania jina hivi? Khalfan akamwonyesha Harithi kwa kidole. Akasema, "Tumempa yeye alichukue."

Mzee akakaa kwenye changarawe, na jua lote lile, wala hawakuthubutu kumwinua.

Alasiri kaniinamia tena. Kasema hamchukui. Kiwanda atakifunga mwenyewe angali na nguvu, wafanyakazi wapate haki zao. Kaomba Harithi amsaidie kufunga tu, kisha atamrudisha. Nimemshukuru Mungu. Nikaenda chumbani nikalia, na sikuwa nalia kwa furaha peke yake.

Jumatano, 14 Januari

Harithi amerudi, wiki ya pili sasa. Mashine zimeuzwa chuma chakavu. Kasema hivyo tu. Ndilo nililoliomba. Anakula, anasali, ananiita mama. Hacheki.

Kila siku baada ya chakula cha mchana, kwao jioni, humpigia mzee simu. Huongea kidogo, Kijapani, mambo ya hali ya hewa nadhani. Nyumba za jirani zote kule hazina watu. Hakuna wa kumgongea mlango.

Jana hakupokea. Leo pia hakupokea. Harithi aliiweka simu mkekani, akaitazama. Nikamwambia apige tena. Nikakaa karibu yake, tukaisikiliza ikiita.